Kamba wa baharini ndani ya tangi la kioo: Je, anaweza kuishi Kigali?

Kutoka Rwezamenyo, katika wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali, hadi ufukwe wa Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000. Hata hivyo, kiumbe wa baharini anaweza kuishi sebuleni huko kwa miaka kadhaa, mradi mwenye nyumba akubali kuitengeneza bahari yenyewe kwanza.

Kiumbe anayezungumziwa hapa ni kamba msafishaji, ambaye wanasayansi humwita Lysmata amboinensis. Ana urefu wa sentimita tano hadi sita, mgongo mwekundu wenye mstari mweupe, na papasi ndefu nyeupe. Kwenye matumbawe huzipunga papasi hizo kuwaita samaki, kisha hula vimelea vilivyoganda mwilini mwao. Hata mkunga, ambaye angeweza kummeza mara moja, humfungulia kinywa na kutulia. Kwa msomaji wa pwani aliyezoea kumwona kamba kwenye sufuria ya mchuzi, huenda ikashangaza kwamba huyu hununuliwa ili atazamwe tu.

Chumvi ya mezani haifai

Kosa la kwanza la wengi ni kudhani kwamba maji ya bomba yakitiwa chumvi ya jikoni huwa maji ya bahari. Chumvi hiyo haina magnesi, kalsi na potasi ya kutosha, na kamba huhitaji madini hayo kujenga gamba lake. Inayotakiwa ni chumvi maalumu ya matangi ya baharini, takriban gramu 35 kwa kila lita. Tangi la lita 100 hula kilo tatu na nusu hivi. Maji ya bomba nayo yaondolewe klorini kabla ya kutumiwa.

Baada ya hapo huja subira, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tangi jipya halina bakteria wa kubadilisha amonia, sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula, kuwa nitriti na hatimaye nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kustawi. Anayemtia kamba siku ya pili huenda akamtoa akiwa mfu siku ya tano.

Mwinuko wa Kigali nao una lake. Jiji liko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita likilinganishwa na la Mombasa. Oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiasi hicho hicho, tena maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi ya ziwani. Pampu ya hewa yenye betri ni ya lazima, kwani umeme unaweza kukatika usiku. Kipasha joto pia kinahitajika: kamba huyu hupendelea nyuzi joto 24 hadi 26, ilhali usiku wa Kigali hushuka hadi 15 au 16.

Maji yanapokauka, chumvi hubaki. Lita 10 zikipotea katika tangi la lita 100, kiwango hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu 39 kwa lita. Kwa hiyo huongezwa maji yasiyo na chumvi, kidogo kidogo kila siku. Dawa za samaki zenye shaba zisikaribie tangi hilo. Kipimo kinachomponya samaki humuua kamba.

Asubuhi moja mwenye tangi ataona kile kinachofanana na mzoga. Asiharakishe kusikitika. Mara nyingi ni gamba tupu, na mwenyewe amejificha nyuma ya jiwe hadi gamba jipya ligumuke.

Kila kamba wa aina hii aliyekomaa ni dume na jike kwa pamoja, hivyo wawili wowote wanaweza kubeba mayai. Kuwalea watoto ndiko kugumu: huelea kwa miezi kadhaa, na wengi hufa. Ndiyo maana wengi wa wanaouzwa duniani bado hukamatwa baharini, wakiwemo wanaokusanywa na wazamiaji wa pwani ya Kenya, na kila anayekufa tangini huacha nafasi ambayo hujazwa na mwingine kutoka kwenye matumbawe.