Shanga za Mji wa Shanga

Kusini mashariki ya kisiwa cha Pate, si mbali na Siyu, yako magofu ya mji wa kale uitwao Shanga. Watu walianza kukaa hapo katika karne ya 8, wakauhama mapema katika karne ya 15. Baina ya mwaka 1980 na 1988, Bwana Mark Horton, Mwingereza mtaalamu wa mambo ya kale, aliuchimba mji huo pamoja na wenzake. Wageni hutazama misikiti na makaburi yake. Lakini vitu vidogo vilivyofukuliwa chini ya udongo vina habari ya ajabu zaidi, nayo ni habari ya kazi za mikono.

Zilionekana shanga za kioo, za kombe za pwani, na za akiki nyekundu. Vilionekana pia vigae vyenye vijifereji vyembamba, ambavyo mtu asiyejua angevitupa. Wataalamu huviita vinoo vya shanga. Zamani wako waliodhani kwamba watu wa pwani hii walingojea tu mapambo ya kuletewa na majahazi. Vigae hivyo vyasema la!

Basi, kazi ya kale hujulikanaje, na mafundi walikufa zamani? Hujulikana kwa kuifanya upya. Kombe huvunjwa vipande vidogo, kila kipande hutobolewa kwa keke, kisha vipande hutungwa katika uzi na kusuguliwa juu ya kigae kwa mchanga na maji. Kigae huchimbika mfereji, na upana wa mfereji hufuata unene wa shanga. Ndipo mfereji mpya hulinganishwa na ule wa kale.

Akiki ni jambo jingine, kwani ni jiwe gumu mno, nayo ililetwa kutoka Gujarat katika Bara Hindi. Huko, katika mji wa Khambhat, kazi hii haijafa. Profesa Jonathan Mark Kenoyer, Mwamerika, aliwatazama mafundi wa mji huo, naye akajaribu mwenyewe njia za kale. Jiwe huchomwa polepole hata liwe jekundu, huchongwa kwa nyundo ya pembe ya nyati, kisha hutobolewa kwa keke yenye chembe mbili za almasi nchani. Mafundi wa Bonde la Indus, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, walitumia keke ya jiwe. Profesa alipoijaribu, ilipenya milimita 2.5 kwa saa moja. Kwa hiyo ushanga wa sentimita 6 ulitaka saa 24, yaani siku tatu za kazi, na tundu moja tu!

Kila keke huacha alama zake. Mtaalamu hutia mpira laini ndani ya tundu, ukishika huutoa na kuutazama kwa hadubini. Mistari yake humwonyesha kama iliyotumika ni almasi au jiwe.

Lakini alama hizo hazitaji umri. Umri hujulikana kwa tabaka ya udongo ulimolala ushanga, na ushanga uliookotwa na kutiwa mfukoni umekwisha poteza tabaka yake. Anayeuona katika magofu ya Pate na auache palepale, kisha apeleke habari kwenye Makumbusho ya Lamu.