Kunasa Nuru Hafifu: Upigaji Picha wa Galaksi katika Anga la Garissa

1.0 Utangulizi

Neno falaki, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, hurejelea elimu ya nyota, sayari na mienendo yake. Elimu hii si ngeni kwa Waswahili. Jina Kilimia, ambalo ni la kishada cha nyota, linahusishwa na kitenzi kulima, ishara kwamba mkulima alisoma msimu wake angani kabla ya kushika jembe. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali nayo ni majina yaliyomo kamusini. Hata hivyo, galaksi, yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota zinazoshikamanishwa na nguvu ya mvutano, haijazungumziwa vya kutosha katika lugha hii. Makala haya yanaeleza namna galaksi hafifu inavyoweza kupigwa picha kwa darubini ndogo ya uani, huku Garissa ikichukuliwa kuwa mfano.

2.0 Nafasi ya Garissa

Mji wa Garissa uko kando ya Mto Tana, takribani nusu digrii kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo, karibu nyota zote za kaskazini na za kusini huchomoza na kutua mbele ya macho ya mkazi wake. Mtu aliyeko London hayaoni kamwe Mawingu ya Magellan. Aliyeko Garissa huweza kuyaona, na katika majira hayo hayo akaiona galaksi ya Andromeda, ambayo Abd al-Rahman al-Sufi wa Uajemi aliieleza mnamo mwaka 964 kuwa ni wingu dogo.

Msimu nao una nafasi yake. Jilaal, kiangazi kinachofuata mvua za deyr na kutangulia zile za gu, ni kipindi kigumu kwa mfugaji Msomali anayetafuta maji na malisho. Kwa mwanafalaki, huo ndio wakati mawingu yanapopungua. Ikumbukwe kwamba mfugaji ndiye aliyetangulia kulisoma anga hili. Musa Galaal, katika kitabu chake kuhusu nyota, misimu na hali ya hewa kilichochapishwa mwaka 1992, alikusanya maarifa ya wafugaji wa Kisomali. Asmarom Legesse naye, mwaka 1973, alieleza kalenda ya Waborana inayotegemea mwezi na nyota.

Galaksi inayofaa kuwa mfano ni NGC 1365, iliyogunduliwa na James Dunlop mwaka 1826 alipokuwa Australia. Imo katika kundinyota la Tanuri, umbali wa takribani miaka-nuru milioni 56. Katikati ya Januari hufikia kilele chake angani mnamo saa mbili na nusu usiku, zaidi ya nusu ya kimo cha kutoka upeo hadi utosini. Lakini jicho tupu haliioni.

3.0 Hatua za Kuinasa Nuru

Hatua ya kwanza ni kukusanya nuru. Mboni ya jicho gizani hupanuka hadi milimita 7 hivi. Kioo cha darubini chenye kipenyo cha milimita 200 hukusanya nuru zaidi ya mara 800 ya ile inayoingia katika mboni hiyo. Isitoshe, jicho haliwezi kulimbikiza nuru kwa muda mrefu, ilhali kamera huweza kuilimbikiza kwa dakika kadhaa.

Hatua ya pili ni kuifuata nyota. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, hivyo darubini isiyosogea hugeuza nyota kuwa mistari. Kitako chenye mota huizungusha darubini kwa kasi hiyo hiyo, mradi mhimili wake uwe sambamba na ule wa dunia. Ulaya mhimili huo huelekezwa kwenye Nyota ya Kaskazini. Garissa nyota hiyo iko upeoni kabisa, ama imezama ama imemezwa na vumbi, na mhimili sharti ulazwe karibu sambamba na ardhi, jambo ambalo vitako vingi havikuundiwa. Suluhisho ni kuitazama nyota moja kwa dakika kadhaa, kupima inavyopotoka, kisha kurekebisha mhimili kidogo kidogo hadi upotofu uishe.

Hatua ya tatu ni kuunganisha picha. Badala ya picha moja ya saa mbili, hupigwa picha 60 za dakika mbili mbili, kisha kompyuta ikazilinganisha na kuzirundika. Nuru ya galaksi hurudiwa pale pale katika kila picha, ilhali chembechembe za kubahatisha hubadilika. Picha 100 zikirundikwa, ubora huongezeka mara 10 kuliko wa picha moja.

Joto ni adui wa mwisho. Kihisi cha kamera chenye joto huzua nukta bandia, na idadi yake huongezeka takribani maradufu kwa kila nyuzi 6 za Selsiasi. Ndiyo maana hupigwa pia picha za giza, darubini ikiwa imefunikwa, ili nukta hizo zitambuliwe na kuondolewa.

4.0 Usiku na Amani

Kazi hii inahitaji pia kitu kisichouzwa dukani: usalama wa kukaa nje usiku. Baada ya shambulio la tarehe 2 Aprili 2015 katika chuo kikuu kishiriki cha Garissa, ambapo watu 148 waliuawa, serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Giza, ambalo ndilo mtaji wa mwanafalaki, likawa chanzo cha hofu. Ni haki ya wakazi kutaka taa. Hata hivyo, taa iliyofunikwa juu na kuelekezwa chini humlinda mpita njia bila kulifuta anga.

5.0 Hitimisho

Nuru inayonaswa leo iliondoka NGC 1365 takribani miaka milioni 10 baada ya dinosaria kutoweka. Kuisubiri saa mbili si muda mrefu. Lililo la haraka zaidi ni majina ya nyota waliyonayo wazee wa Kisomali na wa Kiborana, ambayo hupotea kila mzee mmoja anapofariki. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka eneo hilo wana lugha zote mbili mkononi. Wakiyakusanya majina hayo, wataitajirisha istilahi ya falaki kwa maneno yaliyozaliwa chini ya anga lenyewe.