Flashi Haifunguki, au Imefungiwa?

Katika darasa la sarufi, mwalimu wa Kiswahili huwafunza wanafunzi wake kupambanua kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa. Tukisema "mlango haufunguki", tunausema mlango wenyewe: huenda bawaba zimeshika kutu, au mbao zimefura kwa mvua. Tukisema "mlango umefungwa na bawabu", papo hapo anajitokeza mtu aliye na ufunguo na sababu zake. Ndiyo maana hakuna mjuzi wa lugha asemaye "mlango haufunguki na bawabu". Kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda.

Tofauti hii naiona ikipuuzwa mbele ya tarakilishi za kazini. Mwalimu huja na flashi iliyobeba mtihani aliouandaa nyumbani, akaichomeka, asione kitu. Kauli yake ni moja: "Flashi haifunguki." Kwa neno hilo amekwisha kukata kesi, na mshtakiwa ni flashi. Kumbe katika ofisi nyingi za siku hizi flashi huwa nzima kabisa. Iliyoikataa ni amri.

Amri hiyo hutolewaje? Katika tarakilishi zinazotumia Windows, msimamizi wa mfumo anaweza kutoa agizo moja likazifikia mashine zote za taasisi, kwamba vifaa vya kuhifadhia vinavyochomekwa visisomwe, au visomwe lakini visiandikwe. Njia ya kale zaidi ni kubadilisha tarakimu moja tu katika sajili ya mfumo: 3 ikifanywa 4, programu inayohudumia flashi hulazwa. Kipanya na kibodi, ambavyo hutumia matundu hayo hayo, huendelea na kazi kama kwamba hakuna lililotokea. Basi hapo pana kipimo rahisi mno. Chomeka kipanya katika tundu lililoikataa flashi. Kikicheza, tundu ni zima. Kisha ijaribu flashi yako katika tarakilishi isiyo ya ofisi, na ya mwenzako katika ile ya ofisi. Yako ikisomeka nje, na ya mwenzako ikikataliwa ndani, yamkini mtenda amejulikana.

Hata hivyo, si kila ukimya ni marufuku. Katika ofisi zenye mtandao, herufi kama F au G huenda zimekwisha kupewa folda za pamoja. Flashi ikiangukia herufi hiyo hiyo, huwa ipo lakini haionekani. Dawa ni kuibadilishia herufi, kazi ambayo kwa kawaida huhitaji idhini ya msimamizi. Nyingine husomeka lakini hukataa kuandikwa. Huenda ni agizo. Huenda pia ni uzee, kwani baadhi ya flashi zinapokaribia kufa hujifunga zisipokee chochote kipya. Ikiwa ni uzee, nakili yaliyomo upesi.

Linalonitia hofu zaidi ni ule ujumbe unaodai kwamba diski haina budi kufomatiwa kabla ya kutumiwa. Namjua mwanafunzi wa uzamili ambaye flashi yake iliandaliwa nyumbani kwa Linux. Windows ya kazini haikuutambua mpangilio ule, ikamshauri afomati, naye akakubali. Sura tatu za tasnifu zikatoweka. Flashi haikuwa mbovu wala haikuwa imezuiwa. Mashine haikuijua tu lugha yake. Ni kama mtu asiyesoma hati za Kiarabu apewe mswada wa kale wa utenzi wa Kiswahili kutoka Lamu, kisha ashauri kurasa zifutwe ili zipate kuandikika! Ujumbe huo usiuitikie kamwe iwapo ndani mna kitu unachokithamini. Na ikiwa umekwisha kuuitikia, usiandike lolote jipya humo. Aghalabu faili za zamani huwa bado zipo mpaka zifunikwe na nyingine, na fundi hodari anaweza kuziopoa.

Je, wakubwa wana haki ya kuzuia flashi? Naam, wanayo. Mnamo 2008 programu hasidi iliingia katika mitandao ya jeshi la Marekani kupitia flashi iliyochomekwa katika tarakilishi moja huko Mashariki ya Kati, na mwezi wa Novemba mwaka huo jeshi hilo likapiga flashi marufuku hadi 2010 lilipolegeza kamba. Virusi vya Conficker, vilivyozuka mwaka huo huo wa 2008, navyo vilisafiri kwa flashi vilevile. Tena wasomi tusijione salama. Katika utafiti uliochapishwa 2016, flashi 297 ziliangushwa makusudi katika Chuo Kikuu cha Illinois. Karibu zote ziliokotwa, na takribani asilimia 45 zikafunguliwa faili zake na waokotaji. Isitoshe, hapa Kenya tunayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na alama za wanafunzi ni data ya watu. Wanaotafuta hila za kuikwepa kinga nao wakumbuke kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inahesabu kuwa kosa kuvunja kinga za mfumo ili kuuingia bila idhini.

Nisilolikubali ni marufuku bubu. Taasisi inayofunga matundu bila kutamka inawaacha watumishi wake katika kauli ya kutendeka, wakitupa flashi nzima na kununua nyingine, au wakifomati kazi zao. Windows yenyewe humpa msimamizi nafasi ya kuandika ujumbe wake mwenyewe utokee pale agizo linapozuia kifaa kusakinishwa. Ni wangapi wanaoitumia? Ujumbe uandikwe kwa Kiswahili, tena kwa kauli ya kutendwa: flashi zimezuiwa na idara fulani, kwa sababu fulani, na mwenye faili aipeleke mahali fulani. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa. Iwepo tarakilishi moja iliyotengwa ya kukagulia flashi, au folda ya mtandao ambamo mwalimu anaweza kuweka mtihani wake, la sivyo atautuma kwa simu ya mkononi kupitia kundi la marafiki, na usiri tuliodai kuulinda utakuwa umetoka kwa mlango wa nyuma.

Nawe msomaji, uendapo kwa fundi usimwambie "haifunguki". Mwambie ni tarakilishi ipi, tundu lipi, kipanya kilifanyaje humo, flashi ilifanyaje kwingineko, na unakili maneno ya ujumbe herufi kwa herufi. Akijibu kwamba imezuiwa, muulize na nani, na idhini huombwa kwa nani.