"Spinster" si tusi

Juzi nilikuwa Bomet kwa rafiki yangu mkulima wa chai, baridi imenikaba hata koti halisaidii. Binti yake aliyefunga ndoa karibuni akanijia na cheti chake. "Ustadh, nimeandikwa spinster. Si ndiyo mwanamke aliyezeeka bila mume?" Ana miaka 31, na mawifi wameshaanza kumcheka.

Nikamwambia asiwasikize. Spin ni kusokota uzi. Ile -ster ya mwisho, Waingereza wa kale walimpachika mwanamke kwa kazi yake: spinster ni msokotaji, webster ni mfumaji, ndipo lilipotoka jina la ukoo la Noah Webster, yule wa kamusi. Wasiokuwa na waume wengi walijitafutia riziki kwa kusokota sufu, na kufikia karne ya 17 makarani wakaligeuza neno la sheria: mwanamke ambaye hajapata kuolewa, awe na miaka 18 au 60. Kejeli ya uzee ilikuja baadaye. (Huku kwetu pia walisokota, Kilwa vimefukuliwa vigae vilivyotobolewa katikati, vya kutilia uzito kijiti cha kusokotea.)

Waingereza wenyewe waliliondoa kwenye rejista zao za ndoa mwaka 2005. Sisi tunalibeba la nini? "Hajaolewa" latosha.

Binti akanyamaza, kisha akauliza: mbona mumewe kaandikwa bachelor na hakuna anayemcheka? Nikaomba kikombe kingine cha chai.