Uzee, Kumbukumbu na Ukusanyaji wa Msamiati Kathonzweni
Mkusanyaji wa msamiati wa Kikamba huko Kathonzweni, Makueni, hana budi kuwategemea wazee. Je, mzee anaponyamaza asilitaje jina la mti, tuseme hajui? La. Uchunguzi wa Deborah Burke na wenzake wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1991, ulidhihirisha kwamba uzee huzidisha hali ya neno kukwama ulimini, hasa majina ya watu. Maana husalia, kinacholegea ni kiungo baina ya maana na sauti. Maradhi ya kusahau ni jambo jingine, kwani huweza kuziharibu hata maana zenyewe. Basi mkusanyaji ampe mzee muda, kisha amdokezee silabi ya kwanza ya shina; kiambishi cha ngeli hakitoshi, kwa kuwa hushirikiwa na maneno mengi. Tukiandika "hajui" kwa haraka, tutalizika neno lingali hai.