Kabla ya Kuhamia Mtandao Mpya wa Kijamii

Jioni ya Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021, huduma za Facebook, Instagram na WhatsApp zilikatika duniani kote kwa takriban saa sita. Hitilafu ilikuwa katika mitambo ya kampuni yenyewe, wala haikutokana na simu za watumiaji au minara ya hapa nchini. Mfanyabiashara wa Kahama na mwenzake wa London walikuwa katika giza moja. Siku iliyofuata Telegram ilitangaza kwamba kwa siku hiyo moja ilipokea watumiaji wapya zaidi ya milioni 70, wengi wao wakiwa watu waliokuwa wakitafuta tu mahali pa kuendelea na mazungumzo yao.

Halikuwa tukio la pekee. Januari mwaka huo huo, WhatsApp ilipotangaza masharti mapya ya faragha, watu wengi walikimbilia Signal na Telegram. Mwezi huo huo Facebook ilifungwa nchini Uganda. Novemba 2024 Telegram yenyewe, ile iliyokuwa kimbilio, ilizuiwa nchini Kenya wakati wa mitihani ya kidato cha nne. Mei 2025 ilikuwa zamu ya X hapa Tanzania. Mtumiaji anayetegemea jukwaa moja kwa mawasiliano yake yote hana budi kufikiria mapema atafanya nini siku jukwaa hilo litakapofungwa, litakapobadili masharti au litakapomchosha tu.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu hapa simu imekuwa duka, daftari na kijiwe kwa wakati mmoja. Muuza mchele wa Kahama hupiga picha ya magunia yake na kuituma kwa wateja wa Mwanza kabla gari halijapakiwa. Mwenye duara kule Nyarugusu huulizia kwenye kundi ni karasha gani lina nafasi. Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa huandika humo humo nani amelipa hisa na nani bado. Kundi kama hilo likihama vibaya, programu si kitu, maana itapakuliwa upya kwa dakika mbili. Kinachopotea ni orodha ya wateja iliyojengwa kwa miaka mitano, kumbukumbu ya madeni, na ule ujumbe wa sauti ambamo mdaiwa alikiri kwa kinywa chake kiasi alichokopa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihusu mtandao mpya hata kidogo. Chukua daftari uandike majina na namba za watu ambao hungependa kuwapoteza. Wateja wengi huhifadhi namba katika kundi pekee, wakidhani kwamba mwanakundi yupo daima. Lakini ukitolewa kundini au akaunti ikifungwa, unaweza kukosa hata njia ya kumpigia mtu. Madeni na michango nayo yaandikwe kwenye karatasi na kutiwa saini. Hili ni jambo la kizamani, nasi tunalipendekeza bila kuona haya.

Hatua ya pili ni kujaribu bila kuhama. Wahenga walionya usiache mbachao kwa msala upitao, na mitandao imewathibitisha zaidi ya mara moja. Google+ ilikuwa na nguvu zote za Google nyuma yake, ikafungwa Aprili 2019. Koo, jukwaa la India lililotarajiwa kushindana na Twitter na kupata mamilioni ya watumiaji, liliaga Julai 2024. Chagueni watu watano au sita wa kundi lenu, walitumie jukwaa jipya kwa mwezi mmoja huku kundi la zamani likiendelea kama kawaida. Katika mwezi huo angalieni mambo ya hapa kwetu, ambayo matangazo ya kampuni hayayataji: je, picha inafika pale ambapo mtandao ni hafifu, kama ilivyo katika machimbo mengi? Inakula kifurushi kiasi gani ikilinganishwa na ile ya zamani? Je, inafanya kazi kwenye simu janja ya bei nafuu iliyojaa kumbukumbu? Na wale wenye simu ndogo za vitufe, ambao katika vikundi vya kuweka na kukopa huwa wengi, taarifa zitawafikiaje? Kundi likihamia mahali ambapo mweka hazina hawezi kuingia, kwa kweli limemwacha nje.

Programu ipakuliwe kutoka kwenye duka rasmi la programu la simu yako. Usikubali faili linalotumwa ndani ya kundi, hata kama aliyelituma ni shemeji yako, kwa maana yeye pia alitumiwa. Ukishaifungua, soma kila ruhusa inayoombwa kabla ya kubonyeza. Programu ya mazungumzo ina sababu ya kuomba kipaza sauti ikiwa utapiga simu kupitia kwayo, lakini si lazima isome meseji zako za kawaida wala orodha nzima ya majina. Unaweza kukataa, na mara nyingi programu itaendelea kufanya kazi. Orodha ya majina si mali yako peke yako, kwani ina namba za watu ambao hawakuulizwa. Watanzania wengi walijifunza hilo kwa uchungu kupitia programu za mikopo ya haraka: mkopaji akichelewa kulipa, ujumbe wa kumdhalilisha ulitumwa kwa ndugu, mwajiri na hata mchungaji wake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni.

Majukwaa mengi hukutambua kwa namba ya simu. Hapo pana mtego usioonekana haraka. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mteja mwingine; ikiwa akaunti yako imefungwa kwenye namba hiyo, mgeni huyo ana nafasi ya kuingia kwa jina lako. Tumia laini uliyoisajili mwenyewe kwa alama za vidole, wala si ile ya kuazima kwa rafiki. Piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Weka uthibitishaji wa hatua mbili siku ile ile unapojiunga. Namba ya uthibitisho inayotumwa kwa meseji ni ufunguo wa nyumba. Hakuna mhudumu wa kampuni yoyote anayepaswa kukuuliza.

Kuhusu usiri, majina hufanana kuliko mambo yenyewe. WhatsApp na Signal husimba mazungumzo kwa namna ambayo anayetuma na anayepokea pekee ndio wanaoweza kuyasoma. Telegram haifanyi hivyo kwa mazungumzo ya kawaida: lazima ufungue mazungumzo ya siri, nayo ni kati ya watu wawili tu, hivyo makundi ya Telegram hayana kinga hiyo. Kwa anayetangaza bei ya dengu hilo halina madhara. Kwa kikundi kinachotumiana picha za vitambulisho na taarifa za akiba, ni tofauti inayostahili kujulikana kabla ya kuhama.

Hata hivyo, hatari kubwa kuliko zote haimo ndani ya programu. Imo katika siku za kuhama zenyewe. Watu wanapohama, kila mtu ana akaunti mpya, picha mpya, pengine na namba mpya, na hakuna anayeshangaa kupokea ujumbe usemao, «Ni mimi, nimehamia huku.» Tapeli hahitaji zaidi ya hapo. Huchukua picha ya kiongozi wa kundi, hufungua akaunti kwa jina lake, kisha huwataka wanachama watume michango kwenye namba «mpya». Ni mchezo ule ule wa «ile pesa itume kwenye namba hii», umevaa nguo nyingine tu. Dawa yake ni kukubaliana kabla ya kuhama, ikiwezekana ana kwa ana kwenye mkutano wa kikundi, kwamba namba ya kupokea fedha haitabadilishwa kwa ujumbe wa mtandaoni. Anayeleta namba mpya apigiwe simu kwa namba yake ya zamani, na sauti yake isikike. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalojitokeza kwenye simu yako. Likiwa si la mtu unayemkusudia, usiendelee. Ujumbe wa kitapeli unaokujia kwenye laini yako, tuma namba iliyoutuma kwenda 15040.

Katika ukanda wa dhahabu utapeli huu una sura yake. Mtu hujitokeza katika jukwaa jipya akiwa na picha ya dhahabu kwenye mizani, bei ya chini kuliko ya sokoni, na haraka nyingi. Itakumbukwa kwamba soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na tangu masoko yaanzishwe, biashara ya dhahabu inapaswa kufanyika sokoni au katika vituo vya ununuzi, mbele ya maofisa na kwa watu wenye leseni. Hakuna mtandao wa kijamii ulio soko la madini. Anayetaka malipo ya awali kwa dhahabu ambayo haijapimwa sokoni anauza picha.

Jihadhari vilevile na jukwaa linalokuahidi fedha kwa kutazama video, kubonyeza alama ya kupenda au kuwaleta watu wengine, hasa likikutaka kwanza ulipe ili upande ngazi. Hilo ni upatu uliovaa koti la mtandao wa kijamii. Mitandao ya kweli hujipatia fedha kwa matangazo, kwa ada iliyo wazi, au kwa michango kama ilivyo kwa Signal. Ukishindwa kuona fedha zinatoka wapi, basi huenda zinatoka kwa atakayejiunga baada yako.

Kuhama hakubadili sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hufuata kitendo, haifuati jina la programu. Anayefikiria kutumia VPN ili kufikia jukwaa lililozuiwa ajue kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao, na kwamba Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinagusa matumizi ya aina hiyo. VPN nyingi za bure, tena, hujilipa kwa kuuza taarifa za wateja wake.

Na ikiwa mwezi wa majaribio utaisha bila kuridhika, usiishie kuifuta programu kwenye simu. Kufanya hivyo huiacha akaunti hai, pamoja na picha na namba zako. Ingia kwanza kwenye mipangilio ufute akaunti yenyewe, uwaarifu wenzako kwamba haupo tena huko, ndipo uiondoe programu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kutaka taarifa zako zirekebishwe au zifutwe. Kampuni ikikataa au ikikaa kimya, malalamiko hupelekwa kwa maandishi kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yakiambatanishwa na picha za skrini zinazoonyesha tarehe ya ombi lako.