Kupanga Juba, kujenga Khayega

KWA Mkenya kutoka Khayega, Kakamega, anayefanya kazi Juba, uamuzi wa mahali pa kujenga nyumba si mdogo. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 9, 2011, lakini vita vilizuka Desemba 2013, na mapigano yakarejea Juba Julai 2016.

Isitoshe, Sheria ya Ardhi ya 2009 haimruhusu mgeni kumiliki ardhi huko, ila kuikodi tu.

Hivyo, ni busara kupanga Juba na kujenga Khayega: risasi zikilia, mpangaji hubeba mkoba, lakini nyumba haibebeki.

Hata hivyo, mpangaji naye hana budi kujifunza Kiarabu cha Juba na kujuana na majirani. Siku ya hatari, mwenyeji ndiye ajuaye njia iliyo salama.